Ubao Haulazimishwi

Mazungumzo ya asubuhi redioni
Masomo: Mwanzo 6:13–22, 1 Petro 3:20

Nawasalimu ninyi mlioamka mapema huko Mwingi na Kyuso, Mutomo na Ikutha. Nanyi wa Wote, Nzaui, Kibwezi na Mtito Andei. Najua wengine mnasikiliza huku mkiwasha moto, na wengine punda wamekwisha kutandikwa mitungi kwa safari ya kisimani. Sitawachelewesha.

Asubuhi hii nataka tuzungumze juu ya kuunda merikebu. Wapo watakaocheka. Sisi na merikebu wapi na wapi? Mito yetu mingi ni mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka, nasi huchimba ndipo tupate maji. Hata mtu wa Mtito Andei, aliye karibu nusu ya njia ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa, bado bahari haioni. Lakini kumbukeni kwamba merikebu iliyo mashuhuri kuliko zote katika Biblia iliundwa nchi kavu, tena na mtu ambaye haikuandikwa popote kwamba alikuwa fundi wa merikebu kabla ya siku hiyo. Basi jambo hili latuhusu sisi wa nchi kavu kama linavyowahusu watu wa pwani.

Merikebu ninayoisemea ni ndogo, ya kuwekwa juu ya meza. Urefu wake ni kama mkono wa mtu mzima, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Haikuchongwa katika kipande kimoja cha mti. Ni kiunzi kilichovikwa mbao nyembamba, moja baada ya nyingine, kama zivikwavyo merikebu kubwa. Nitawaeleza jinsi mtu anayeanza anavyoifanya kazi hii, hatua kwa hatua, kwa maana kazi yenyewe inahubiri.

Kuchonga na kuunganisha

Ukambani ni nchi ya watu wa mikono. Wengi wenu mmesikia habari za Mutisya Munge wa Wamunyu, upande wa Machakos. Wazee husimulia kwamba alijifunza kuchonga vinyago huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akarudi nyumbani na ufundi huo. Kutoka kwake ukaenea kwa jamaa na majirani, hata wachongaji wa Kikamba walioko Mombasa wakaanzisha chama chao cha ushirika mwaka 1963, chenye karakana zake Changamwe.

Lakini angalieni tofauti. Mchongaji hufanya kazi kwa kupunguza. Yuko na gogo, naye anajua ya kwamba twiga au kifaru yumo ndani. Kazi yake ni kuondoa kisichotakiwa. Mwunda merikebu hufanya kinyume. Mbele yake hapana kitu. Yeye huongeza kipande juu ya kipande, na kila kipande hakina budi kupatana na mwenzake. Mtu aweza kuwa mchongaji hodari na bado awe mwanafunzi kabisa siku ya kwanza anaposhika ubao wa merikebu.

Mchongaji wetu akitoka Mombasa akaendelea mpaka Lamu ataukuta ufundi huo mwingine. Kijiji cha Matondoni kimejulikana tangu zamani kwa kuunda majahazi, na mafundi wa Lamu hutengeneza pia vijahazi vidogo vya kuuza. Katika jumba la makumbusho la Lamu umewekwa mfano wa mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, ambacho mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mitepe yenyewe ilitoweka baharini katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Wataalamu waliotaka baadaye kujua jinsi ilivyoundwa walisaidiwa sana na mifano midogo iliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Kwa hiyo tusikidharau kitu kidogo cha mezani. Vyombo vikubwa viliondoka, na vidogo vikabaki vikitoa ushuhuda.

Kiunzi kwanza

Anayeanza hutamani kuanza na mbao, kwa sababu mbao ndizo zinazoonekana. Fundi humzuia. Kwanza ni mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini, uti wa mgongo wa chombo. Mbele unasimama mti unaokata maji, ambao watu wa pwani huuita hanamu. Nyuma ni fashini, unaposhikwa usukani. Juu ya mkuku husimamishwa mataruma, ndizo mbavu. Katika merikebu ndogo, mataruma hukatwa katika plaiwudi. Katika jahazi kubwa, fundi huenda msituni kutafuta matawi yaliyojipinda yenyewe tangu yalipoota, ili asilazimike kuyapinda.

Kisha huja kazi ambayo hakuna atakayeisifu. Kingo za mataruma, hasa ya mbele na ya nyuma, hupigwa msasa kwa mshazari, ili ubao ulale juu yake sawasawa. Fundi huchukua ufito mwembamba, akaulaza juu ya mbavu kutoka mbele hadi nyuma. Ukigusa mbavu zote bila kupanda wala kuning'inia, kiunzi kiko tayari. Ukiruka ubavu mmoja, anarudi kwenye msasa. Kazi hii huchukua siku, na ikikamilika chombo bado kinafanana na mifupa ya samaki. Wapita njia hawaoni kitu.

Ndugu yangu, wangapi tumetaka mbao za nje kabla ya mbavu? Tumetaka mtoto asimame mbele ya watu aimbe, kabla hajafundishwa kuomba peke yake. Tumetaka mwongofu wa juzi ashuhudie katika mkutano mkubwa, na hakuna aliyekaa naye jioni moja kumfungulia Maandiko. Mbao zikipigwa juu ya kiunzi kisicho sawa, zitafuata kasoro ile ile, na msasa wa nje hautaifuta.

Hesabu ya mbao

Sasa mbao. Chagua zisizo na vifundo, zenye nyuzi zilizonyooka. Kwetu mabaki ya seremala hayakosi. Mti wetu wa mukau, unaopendwa Kitui na Makueni kwa kuwa hustahimili ukame na mchwa, hutoa mbao nzuri, nawe waweza kuomba vipande ukajaribu. Jaribu kwanza kipande kidogo, uone unavyopinda, kabla ya kupasua zote.

Hapa ndipo anayeanza huvunjika moyo, basi nisikilizeni vizuri. Tuseme upande mmoja wa merikebu yako, kutoka ukingo wa juu hadi mkuku, una milimita 120 katikati, na kila ubao una upana wa milimita 6. Utahitaji mbao 20. Sasa pima mbele, karibu na hanamu. Pale pana milimita 70 tu. Mbao 20 hizo hizo haziwezi kuingia na upana wake wote. Gawa 70 kwa 20, utapata milimita 3 na nusu. Maana yake, kila ubao hauna budi kupunguzwa taratibu, kwa kisu na msasa, kutoka milimita 6 katikati hadi 3 na nusu mbele. Nyuma huenda mambo yakawa kinyume. Ukipima ukakuta milimita 130, mbao zako zitajaza 120, na zile 10 zilizobaki zitazibwa kwa vipande vyembamba vilivyochongoka kama kabari.

Asiyejua hesabu hii huchukua ubao mzima, akausukuma kwa nguvu ili ukae kando ya mwenzake. Ubao hukubali kupinda kuufuata mviringo wa chombo, maana hapo unapinda kwa ubapa wake. Lakini kupindwa kwa ukingo wake haukubali. Ukiushurutisha, utainua upande mmoja kama ukurasa wa kitabu kilicholowa, au utapasuka. Naye atasema mbao ni mbaya. Mbao hazina neno. Hakupima.

Nasi pia hupenda kuwataka watu wote wawe na upana mmoja mahali pote. Mjane mwenye wajukuu watano twamtaka atoe sawa na mwalimu mwenye mshahara. Kijana aliyemaliza shule jana twamtaka aongoze sala kama mzee wa kanisa. Katika merikebu iliyoundwa vyema, kila ubao umepunguzwa kwa kipimo cha mahali pake, na mahali penye wembamba wote wamekubali kupungua kidogo ili wote wafike. Mtume Paulo, katika Waefeso sura ya 4, anatufundisha kwamba mwili hukua kwa kadiri ya kazi ya kila sehemu. Someni mlango ule jioni ya leo.

Maji na moto

Sasa tumefika mbele ya chombo, mahali panapozunguka sana. Ubao ni mkavu, wa unene wa milimita 1 na nusu. Ukiupinda hivi ulivyo, utasikia mlio mdogo, na kazi ya asubuhi nzima imekwisha.

Basi fundi huuloweka katika maji, kama nusu saa au zaidi. Kisha huchukua kopo la bati lililojaa maji ya moto, akaupinda ubao polepole juu ya kopo lile, kidogo, tena kidogo. Halafu huuweka penyewe juu ya mbavu, akaubana kwa vibanio, hata vya kuanikia nguo vyafaa, akauacha mpaka kesho. Hatii gundi siku hiyo. Mti uliolowa hutanuka, na ukikauka hunywea. Akiutia gundi ungali na maji, kesho ataona pengo kati yake na mwenzake. Ukiisha kukauka, hutolewa, nao unalishika umbo ulilofundishwa. Ndipo gundi hupakwa.

Angalieni mambo mawili hapa. La kwanza, ubao haukulazimishwa. La pili, haukuachwa ufanye upendavyo. Ubao uliolowekwa bila kubanwa hurudi ulivyokuwa. Uliobanwa bila kulowekwa huvunjika. Baba mkali asiye na maji na mama mpole asiye na kibanio, wote wawili watakosa merikebu.

Wazee wetu husema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, nasi tuifuate kwa watoto wadogo. Lakini nimesikia ikitumiwa vibaya. Mzazi humtazama kijana wa miaka 19 aliyeharibikiwa, akasema, “Huyu amekwisha kukauka, hakunjiki tena.” Nami namwambia mzazi huyo, samaki aliyekauka ni shauri la wavuvi, mimi nakuuliza habari za ubao. Mbao zote za merikebu zilikuwa zimekauka zilipofika mezani. Zilipinda kwa sababu palikuwa na mtu aliyechota maji, na kwa sababu mtu huyo alikubali kungoja mpaka kesho.

Kushoto na kulia

Kuna onyo moja zaidi ambalo kila fundi humpa anayeanza. Usivike upande mmoja mpaka ukaisha, ndipo uende wa pili. Weka ubao mmoja kushoto, na mwenzake kulia; wa pili kushoto, wa pili kulia. Kila ubao una nguvu ya kuvuta. Ukizipanga zote upande mmoja, zitauvuta mkuku wenyewe, na chombo kitajipinda kama ndizi. Hapo hakuna dawa; hata ukivika upande wa pili kwa ustadi, uti wa mgongo umekwisha kupotoka.

Wazazi wa Kitui na Makueni, fikirini nyumba zenu. Kuna mtoto anayeshika masomo upesi. Mbuzi wanauzwa kwa ajili yake, harambee zinaitishwa kwa ajili yake, na jina lake halikosi katika maombi ya jioni. Na kuna ndugu yake ambaye vitabu vilimshinda, lakini mikono yake yajua kazi. Huyu hutumwa kuchunga, na jioni haulizwi neno. Hamkumchukia, nafahamu. Lakini mbao zote mmezipiga upande mmoja. Siku nyumba itakapoanza kupinda, msishangae.

Makanisa yetu yalikwisha kuliona jambo hili zamani. Mwaka 1966, lile ambalo leo ni Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya, wakati ule likiitwa Baraza la Kikristo la Kenya, lilishiriki katika kutoa taarifa iliyouliza vijana wanaomaliza shule ya msingi bila nafasi ya kuendelea wafanye nini. Kutokana na swali hilo vyuo vya ufundi vya vijijini vikaanza, mahali pa kujifunza useremala, uashi, ushonaji na kazi nyinginezo. Leo vyuo hivyo viko chini ya serikali za kaunti. Majengo yamekuwapo. Kinachopungua mara nyingi ni mtu mzima atakayesimama kando ya kijana katika ule mwezi wa kwanza, mwezi wa mbao zinazovunjika.

Susu na fundi

Nilisimuliwa habari za kijana mmoja aliyelelewa na susu yake, upande wa kusini wa Kitui. Alipelekwa kwa fundi seremala sokoni ili ajifunze kazi. Wiki ya tatu alipasua ubao wa mukau uliokwisha kulipiwa na mteja. Fundi akamfukuza mbele ya watu, akimwambia kwamba hana mikono. Kijana hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alikaa stendi mchana kutwa akitazama mabasi ya Nairobi, na fedha za nauli hana.

Kesho yake susu akatembea mpaka sokoni. Hakupiga kelele. Aliamkia, akaketi juu ya gogo karibu na mlango, akangoja mpaka wateja walipoondoka.

“Susu, nisamehe,” fundi akasema, “lakini yule mtoto atanifilisi.”

“Mwanangu,” akamjibu, “nimekuja na fedha za ubao, si zote, lakini nitamaliza. Nataka kukuuliza neno moja tu. Wewe ulipoanza, ulivunja mbao ngapi?”

Fundi akanyamaza. Mwisho akasema, “Zilikuwa nyingi, susu.”

“Na nani aliyezilipa?”

Fundi hakujibu upesi. Aliyemfundisha alikuwa baba yake mdogo, naye alikuwa amekwisha kufariki, na hakuna siku alizozihesabu mbao zile. Fundi akazitazama fedha za mama yule mzee zilizofungwa katika pembe ya leso, asizipokee. Akasema, “Mwambie aje Jumatatu. Lakini wiki ya kwanza atapasua mabaki tu.”

Sikuambiwa kwamba kijana yule amekuwa fundi mkuu wa wilaya nzima. Niliambiwa tu kwamba alirudi Jumatatu, na kwamba yuko pale bado. Kwangu hilo latosha. Basi la Nairobi liliondoka bila yeye.

Gharika ilingoja

Sasa tumgeukie Nuhu. Mungu alimpa vipimo: dhiraa 300 kwa urefu, 50 kwa upana, 30 kwenda juu. Alimwambia atumie mti gani, afanye vyumba, na apake lami ndani na nje, kama mafundi wa pwani wanavyoziba nyufa za majahazi kwa pamba na mafuta. Alimpa kila alichohitaji kujua. Lakini hakumwundia. Mbao zilipaswa kupandishwa na mikono ya mtu, na mtu huyo alikuwa anaanza.

Hebu fikirini siku zile. Uovu ulikuwa umejaa duniani, na hukumu ilikuwa imekwisha kutangazwa. Kama ni haraka, hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya haraka. Ingalikuwa ni sisi, tungalisema, “Nuhu, piga misumari upesi, mbingu zinafunguka!” Lakini Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, anatuonyesha jambo la ajabu. Anasema kwamba saburi ya Mungu ilikuwa ikingoja katika siku zile safina ilipokuwa ikitengenezwa.

Sikieni maana yake, wapendwa. Maji ya chini na maji ya juu yalizuiliwa mpaka kazi ikaisha. Yeye aliyeziumba bahari aliiruhusu hukumu yake iende kwa mwendo wa mtu mmoja na wanawe, wakipima, wakikata, wakipaka lami. Ubao ulipokuwa haujakaa, gharika ilingoja. Hakuna tone lililoanguka kabla ya wakati wake kwa sababu Nuhu alikuwa mzito wa kazi.

Basi mimi na wewe ni nani hata tusiweze kumngojea kijana mmoja kwa mwezi mmoja?

Huenda unayenisikiliza ndiwe ubao wenyewe. Umeanza kumfuata Bwana mwaka huu, na tayari umeanguka mara mbili. Umeanza kuacha pombe, na Jumamosi iliyopita rafiki zako walikushinda. Umeanza kazi ya mikono, na vitu vyako vinachekwa. Nakuambia jambo ambalo mafundi wa merikebu ndogo hulijua. Anayeanza hushauriwa kuvika chombo chake mbao mara mbili. Zile za kwanza huwa na nyufa, na vidonda vya gundi, na mahali palipopanda. Hazitupwi. Huzibwa, husuguliwa msasa mpaka mkono ukipita usikwame, kisha huvikwa mbao za pili zilizo nzuri, na hizo ndizo watu wazionazo. Zile za kwanza zimebaki ndani, nazo ndizo zinazozibeba zile za pili. Mungu naye hatupi miaka yako ya kwanza. Huiziba na kuisawazisha, na juu yake huweka kazi iliyo bora.

Na kama unaona kazi ni kubwa kuliko siku zako, watazameni watu wa Nzaui. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake walishuka melini Mombasa, wakapanda kwa miguu hadi Nzaui, wakaanza kazi ya Africa Inland Mission. Mwezi wa Desemba 1896 Scott akafa, kabla hajatimiza miaka 30, na katika miaka michache iliyofuata karibu wenzake wote walikuwa wamekufa au kuondoka. Mtu aliyepita wakati huo angaliona kiunzi kilichoachwa juani. Lakini ubao wa kwanza ulikuwa umewekwa, na wengine wakaja wakaweka wa pili. Leo Jumapili asubuhi kengele zinalia pande zote za mlima ule.

Wiki hii

Nawaombeni jambo moja kabla ya Jumapili. Kila mmoja amtafute mtu mmoja anayeanza: mwanafunzi wa ufundi, mwongofu mpya, binti aliyerudi nyumbani na mtoto, kijana aliyetoka jela. Usiende na maneno mengi. Mwulize amefika wapi, na ni kitu gani kinachomvunjikia mikononi. Kisha umsaidie kuchota maji.

Nanyi walimu wa shule ya Jumapili, kama mwataka kuwafundisha watoto habari za safina, msiishie kwenye picha. Tafuteni plaiwudi, mabaki ya mbao, gundi nyeupe ya mbao na vibanio vya nguo. Nyinyi mshike kisu, na maji ya moto yawe mikononi mwa mtu mzima. Watoto wapime, waloweke, wabane. Waacheni wavunje mbao mbili tatu. Watakapouona ubao uliokuwa mgumu ukizunguka hanamu bila kupasuka, watakuwa wamejifunza juu ya saburi ya Mungu jambo ambalo hawatalisahau upesi.

Na tuombe.

Ee Baba yetu uliye mbinguni, wewe uliyemngojea Nuhu, twakushukuru kwa kuwa umetungojea nasi. Wakumbuke leo wote wanaoanza, na hasa wale waliofukuzwa jana. Wape mafundi moyo wa kukumbuka siku zao za kwanza. Wape wazazi macho ya kuwaona watoto wa pande zote mbili za nyumba. Na pale tulipokauka sisi wenyewe, utuloweshe kwa neema yako, utupinde kwa mkono wako, utushike mpaka tukae mahali ulipotuwekea. Twaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.